Ndoo ya Mzee Koki Yagoma Kutoa Mapovu

Baba Mkubwa alifanya kazi ya mabomba miaka thelathini na moja, na mtaa mzima unamwita Mzee Koki. Alipostaafu alikaa kwenye kochi wiki mbili, akaua redio aliyodhani anaitengeneza, kisha akatangaza kwamba pombe ya asali ya harusi ya bintiye ataitengeneza mwenyewe. Mama Mkubwa, mkewe, ambaye ni fundi cherehani na ana nguo za watu za kumaliza, alisema sawa, ila si kwenye sufuria zake.

Nakiri Mzee alijipanga. Alisugua ndoo ya plastiki akaisuuza kwa maji ya moto. Aliyeyusha asali, akasubiri mpaka maji yakapoa ndipo akatia hamira, maana hamira ukiitia kwenye maji ya moto umeiua. Akatoboa mfuniko, akapitisha mpira mwembamba, na ncha ya pili akaizamisha kwenye chupa yenye maji.

"Gesi inatoka, hewa haiingii," alinieleza. "Ukiona mapovu kwenye hiyo chupa, pombe iko hai."

Kisha akampigia binamu yangu, bibi harusi mwenyewe, akamwahidi glasi ya kwanza. Binamu alipiga kelele kwa furaha na kusema anawaambia wakwe zake sasa hivi. Mzee akakata simu akiwa amevimba kichwa, wakati ndoo ilikuwa haijafikisha hata saa moja.

Siku ya pili, kimya. Siku ya tatu, maji ya chupa yametulia tuli. Mzee akaleta kiti jikoni, akakaa kuyakodolea macho. Akasema ndoo inasikia baridi, akaivisha blanketi la kitandani, na Mama Mkubwa akalala na shuka tupu. Akaongeza hamira. Akaongeza zabibu kavu, eti hamira ina njaa. Akakoroga. Mimi nilisema mbona inanuka vizuri, akaniambia pua yangu haina cheti.

Siku ya saba nikathubutu kumuuliza kama ule mfuniko umebana sawasawa. Alinitazama kama nimemtukania ukoo.

"Mwanangu, huo mfuniko nimeufunga mimi."

Basi, nikaenda zangu.

Jumamosi asubuhi nilimkuta ameibeba ndoo mpaka uani, kando ya mtaro, mpira na chupa vikining'inia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema ataiambia familia kwamba watanunua vinywaji dukani kama watu wengine, na kwamba labda mtu akistaafu astaafu kweli. Nilimwonea huruma. Alikuwa ameshashika mfuniko aufungue, amwage yote.

"Ngoja," alisema Mama Mkubwa. Alikuwa anafua pale pale uani. Alikuja na kiganja kimejaa povu la sabuni, akalipaka kuzunguka ukingo wa mfuniko, halafu pale mpira unapopenya.

Tukainama wote watatu. Ukingoni, shwari. Lakini pale kwenye tundu la mpira, povu likaanza kuvimba. Likatoka puto kubwa kama limau, likapasuka, likafuata jingine, na jingine.

"Hapa panavuja, fundi," alisema Mama Mkubwa. "Pombe yako inapumua wiki nzima, ila inapitia mlango wa nyuma."

Akajifuta mkono kwenye kanga, akafungua mfuniko, akachota kijiko, akaonja. "Utamu umepungua. Asali inaliwa humu. Wewe umeonja?"

Hakuwa ameonja. Alikuwa anatazama chupa tu. Mzee Koki, aliyeziba nusu ya mabomba ya mji huu, alikaa chini kwenye saruji akacheka mpaka machozi, nasi tukaangua kicheko naye.

"Mke wangu, hii ya povu la sabuni umeijulia wapi?"

"Kwako. Mabomba ya gesi ya hoteli, mwaka ule wa mafuriko. Ulinisimulia siku tatu mfululizo mezani. Ulidhani nilikuwa nasikiliza redio?"

Mzee akaacha kucheka. Akainuka, akaenda kutafuta kipande cha mpira wa kuzibia. Alasiri ile chupa ilianza kutoa mapovu, moja baada ya jingine, naye akatuita wote kila lilipotoka mpaka tukamwomba apumzike.

Miezi minne baadaye, siku ya harusi, pombe ilikuwa nyepesi, ya rangi ya chai ya rangi, na wakwe waliimaliza kabla ya keki. Walipomuuliza Mzee siri yake, aliwaambia waoshe vyombo, wasiharakishe, waonje, na waoe mtu anayesikiliza. Watu walipiga vigelegele. Mama Mkubwa alimwambia aache maneno, lakini glasi ya kwanza bintiye alikuwa amempelekea yeye, na baba mtu ndiye aliyemtuma.

Siku hizi nikienda kula kwao, Mzee hasimulii mabomba. Anamwekea mkewe chakula, anasogeza kiti, anamuuliza, "Haya, fundi, leo cherehani ilisemaje?" Mara ya kwanza Mama Mkubwa alibaki na kijiko hewani. Kisha akaanza na zipu iliyogoma asubuhi, na chakula kikapoa.