Bunduki Isiyo na Kisingizio

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ni fundi wa bunduki. Watu humwita Skrubu, maana hawezi kukaa sebuleni kwa mtu bila kukaza kitasa kilicholegea. Alihudumia klabu ya walenga shabaha kwa miaka kumi na moja, akafukuzwa kwa siku moja. Siku hiyo nahodha wa klabu alishindwa vibaya kwenye mashindano, akasimama mbele ya wanachama wote, akapaza sauti kwamba mikono ya fundi ndiyo iliyoharibu bunduki yake. Skrubu alimjibu kwamba tatizo ni namna yeye mwenyewe anavyoisafisha. Nani angemsikiliza? Mwaka wa tatu huu anatengeneza vitasa na cherehani katika chumba cha nyuma nyumbani kwetu, na mtu akiulizia fundi wa bunduki huambiwa amwepuke yule mwanamke, ataharibu.

Mimi kusamehe sikujaliwa. Kwa hiyo Jumanne asubuhi nilipofungua mlango nikamkuta nahodha amekumbatia bunduki mpya kama mtoto mwenye homa, nilifurahi kupita kiasi. Alikuwa mpole kama maji ya mtungi. Akaeleza kwamba risasi zinatawanyika: mita mia tu, na matundu yanaenea upana wa sahani. Mafundi wawili wamechemsha, na mchujo wa timu ni Jumamosi. Nilimwacha asimame mlangoni. Viti tunavyo, tena sita.

Jikoni nilimvuta wifi mkono, nikamnong'oneza kwamba Mungu kamleta mwenyewe, alegeze kitu kimoja tu, mambo yaishe.

"Nikilegeza, wifi, nitakuwa nimemfanya mkweli," akasema.

Alikubali kazi kwa sharti moja: aikague uwanjani kwa klabu, wanachama wakiona. Nahodha alikunja uso, lakini angefanya nini?

Kesho yake Skrubu aliilaza bunduki juu ya mifuko ya mchanga na kupiga mwenyewe. Habadilishi vitu viwili kwa mpigo, maana bunduki ikipona hutajua kilichoiponya. Akakaza skrubu zinazoshika mtutu kwenye kitako, akapiga tano. Zikatawanyika. Akaondoa darubini, akafunga yake anayoiamini. Vilevile. Akabadilisha risasi. Vilevile. Wanachama waliokuja kumcheka walikuwa sasa wamesogeza viti karibu.

Ndipo akamwomba nahodha aisafishe kama anavyoisafisha nyumbani. Nahodha, kwa maringo yake yote, akatoa ufito wa chuma, akausokomeza kupitia mdomo wa mtutu, mbele, akavuta na kusukuma. Chuma kilikwaruza chuma, sote tukasikia. Skrubu akampa katibu wa klabu, mzee mmoja mchache wa maneno, kioo cha kukuzia. Mdomo wa mtutu ulikuwa umelika upande mmoja. Akaeleza kwamba risasi ikitokea hapo husukumwa pembeni, na kwamba bunduki kama ile husafishwa kuanzia nyuma.

"Na ile ya zamani uliisafisha hivi hivi?" katibu akamuuliza nahodha.

Nahodha akajibu kwamba ile ilikuwa na mambo yake mengine. Nilitamani kumrushia kiti.

Siku mbili Skrubu hakutoka chumbani mwake ila kula. Aliukata ule mdomo upya kwa mashine, akaulainisha, akaupima, hakuridhika, akaukata tena. Niliudhika. Nilimuuliza kwa nini amhangaikie hivyo mtu aliyemchafulia jina. Akasema anataka bunduki isiyobakiza kasoro hata ya kusingizia. Sijawahi kuona chuki ikifanya kazi safi namna ile.

Ijumaa alipiga tano uwanjani mbele ya wanachama. Sarafu moja ilifunika matundu yote. Akamwambia nahodha ajaribu, aikague popote anapotaka, aseme kama ina tatizo. Nahodha akapiga tano zake taratibu, nazo zikakaa pamoja. Akasema haina tatizo. Skrubu akamwomba katibu aandike.

Jumamosi nilivaa gauni langu zuri kabisa. Nahodha alianza vizuri, kisha macho ya watu yakamwelemea. Akaanza kufyatua haraka haraka. Risasi ya saba ilikwenda pembeni, ya nane ikaifuata, ya tisa haikugusa hata karatasi. Timu inachukua wanne. Yeye akawa wa tisa. Aliinuka, akaitazama bunduki, akafungua kinywa. Uwanja mzima ukamngoja.

"Ni bunduki?" katibu akauliza.

"Hapana. Ni mimi."

Wifi yangu akasimama. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Na ile ya zamani?"

"Ni mimi pia," nahodha akasema, midomo ikisogea kidogo tu.

Skrubu akamwomba arudie. Waliokaa nyuma hawakusikia.