Kichwa Changu Mapajani pa Mama Mkwe

Jamani, hili nimelificha miaka mingi, na hata sasa nikilisimulia masikio yananiwaka, lakini bora mlisikie kwangu kuliko kwa shemeji zangu, maana wale wanalitia chumvi.

Enzi za Mwingereza nilikwenda Matai kulima kwa kina Sabina, msichana niliyemchumbia, kwa kuwa baba yake alisema wazi: asiyeweza kupiga ntumba (yale matuta yetu ya kufukia majani) hampi binti. Sasa mimi nina ugonjwa wangu, nikitumia nguvu nyingi kwa ghafla kichwa kinadunda kama kinu, na dresa wa zahanati alishanionya, "Anza polepole, kunywa maji, kikikubana pumzika." Je, niliwaambia wakwe? Thubutu! Niseme naumwa kichwa mbele ya kaka zake wanne?

Nikaanza kwa fujo, nikawapita wote, Sabina pembeni anatabasamu, nami ndiyo nazidi ujinga. Tuta la nane, kichwa kikataka kupasuka. Ukungu ukashuka (au ulishuka machoni mwangu tu, sijui), sauti za majembe zikaenda mbali, vilima vikawa vinaelea, nyasi zinanong'ona, na ndani ya ule weupe nikamwona mama yangu mzazi ameketi ananisubiri, nikamwendea taratibu, nikajilaza, nikaweka kichwa mapajani pake, nikasema, "Mama, nibembeleze."

Kumbe mama mkwe! Alikuwa ameleta togwa, akakaa mbali akitupa kisogo kwa heshima, maana kwa mila zetu hata njia moja hatupiti, tukikutana yeye anaingia majanini, mimi nageuza uso. Majembe yote yakanyamaza.

"Huyu hapati mke hapa!" baba mkwe akafoka.

Nikataka kuinuka, mkono ukanirudisha chini.

"Lala, mwanangu," mama mkwe akasema, akinikanda kwa kitambaa cha maji. Kisha akamgeukia mumewe: "Wewe unaona mila, mimi naona mgonjwa. Na Sabina ni mwanangu pia."

Basi Sabina nikampata. Siku hizi nalima polepole, kichwa kikigusa tu natangazia kijiji kizima, sifichi tena hata chafya. Ila mama mkwe alirudi kwenye mila yake, akanikwepa mpaka anafariki, na uso wake niliuona siku ile moja tu, ukiniinamia.