Bastola Niliyosingiziwa Kuisugua

Tangu mwezi wangu wa kwanza Riyadh, madam alikuwa akitafuta sababu ya kunirudisha kwa wakala aliyenileta kufanya kazi za ndani. Aliyenikingia kifua ni bosi, mumewe, na alinikingia kwa ajili ya bastola zake za kale. Alisema mikono yangu imetulia.

Alinifundisha mwenyewe. Nivae glavu za pamba, nipanguse vumbi, basi. Nisiguse ule weusi uliofifia ukakaribia zambarau, wala madoa ya kahawia karibu na mpini. "Hii rangi ya kwanza ndiyo thamani yake," aliniambia. "Ukisugua, halas. Kinabaki chuma tu." Neno lake kubwa lilikuwa asli, na halikunipa taabu, maana kwetu Mombasa tunasema asili. Nilijivuna, sifichi. Nyumba nzima ilinihesabu pamoja na mafagio, lakini chumba kile niliingia kama mtu.

Kisha bosi akaitoa bastola moja nyumbani ikiwa imefifia, ikarudi nyeusi tii, inang'aa kama sufuria mpya. Nakshi zake zilikuwa zimelikalika na kingo zimekuwa butu. Niliona, nikaendelea kupangusa vumbi. Mali si yangu.

Mgeni akaja kutoka Jeddah kuinunua. Nilikuwa nimeleta kahawa. Akaisogeza dirishani, akapitisha ukucha kwenye nakshi, akauliza kwa upole, "Rangi hii ni asli?"

Bosi hakusita. "Ilikuwa asli. Huyu shagala wangu wa ndani aliisugua kwa dawa ya masufuria, ikabidi niipake upya. Nimemkataza mara ngapi! Hawa hawaelewi kitu."

Alidhani Kiarabu changu kinaishia jikoni? Au alijua naelewa, akaona si neno? Hilo la pili ndilo linaloniuma mpaka leo. Angesema uongo wowote, hata angelisingizia vumbi la jangwani, lakini alichagua kunisingizia kosa lilelile alilonifundisha nisilifanye.

"Mwombe mgeni radhi," akaniambia, macho yake kwenye bastola.

Nilimtazama, nikingoja ajirudi. Hakujirudi. Nikaomba radhi, sauti yangu mwenyewe ikinitia kinyaa. Nyuma ya mlango nilimsikia madam akimpigia wakala simu, ana furaha kama wa arusini. Mgeni, mtu muungwana kweli, akaweka mkono kifuani akasema amenisamehe, na bosi akamshukuru kwa niaba yangu.