Siku Niliyovunja Mlango wa Bafu la Baba Mkwe

Hii stori bado inanichoma uso, na ninyi mkicheka mcheke polepole, kwa sababu huku Kabuchai nilikoolewa mke wa mtoto hamshiki baba mkwe hata mkono, na mahali anapovulia nguo hapakaribii, sasa ngojeni msikie mimi, msichana wa Kikuyu kutoka Saboti, nilifanya nini.

Mzee alikuwa ametoka hospitali Bungoma na shida ya moyo, akapewa mkanda wa kuvaa kifuani, unaosikiliza mapigo na pumzi, na hata akianguka unajua, halafu unatuma habari bila waya hadi kwa simu yangu (bwanangu Simiyu anafanya kazi Kitale, na mama mkwe simu za kupapasa hazitaki, kwa hivyo mlinzi nikawa mimi).

Jumamosi hiyo akina mama wa kanisa walikuja kumuombea. Mzee akataka kuoga kwanza, akamtuma mama aniulize kama mkanda unavuliwa. Ugali ulikuwa unanishinda, nikajibu tu bila kufikiria, "Asivue, maji hayauharibu."

Kidogo hivi, simu ikapiga ule mlio wa hatari. Ameanguka. Nikatazama mapigo, hakuna. Pumzi, hakuna. Mstari umelala kabisa.

Jamani, sikumbuki nilivyofika nyuma ya nyumba. Niligonga mabati ya bafu nikiita, "Baba! Baba!" lakini akina mama walikuwa wanaimba kwa nguvu na sikusikia jibu. Mama mkwe akanikimbilia, akanishika leso.

"Mke wa Simiyu, huko huendi!"

"Mama, moyo umesimama!"

Nikapiga teke. Mlango wote ukatoka, bawaba na kila kitu, nikabaki nimeushika. Na mzee huyo hapo, amesimama, povu kutoka kichwani hadi miguuni, macho ameyafunga, anapapasa maji. Mkanda alikuwa ameuvua akautundika kwa msumari, ukaanguka chini.

"Ni nani?"

"Ni mimi, baba." (Kwa nini nilijibu? Sijui.)

"Funga mlango!"

Mlango gani sasa, na mimi ndiye niliyeubeba? Nyimbo zilikuwa zimenyamaza, akina mama wote wako nyuma yangu na Biblia zao. Mzee akarudi nyuma kujificha, akateleza, akaanguka kweli, akashika kifua.

Hapo hakuna aliyecheka. Mimi siwezi kumgusa, nimegeuka. Mama akaingia na blanketi, nikamsukumia mkanda kwa mguu, "Mvalishe, mama, haraka!" Tukangoja. Mstari ukalala, ukalala, halafu ukaruka. Mapigo yalikuwa yanakimbia kama ya mtu anayefukuzwa na ng'ombe, kisha yakaanza kutulia kidogo kidogo, na mimi nikakaa chini kwa matope nikalia.

Simiyu nilipompigia aliuliza tu, "Ati ulivunja nini?"

Mzee alikaa muda mrefu bila kupita upande wa jikoni. Siku moja akamtuma mama: niambiwe aliuvua kwa sababu jibu langu la haraka hakuliamini, hatauvua tena bila kunijulisha, na simu ikilia, nimtafute mama kwanza.

Nimeapa nitafanya hivyo, na sitamjibu mtu tena swali la huo mkanda mawazo yangu yakiwa kwa sufuria. Lakini niwaambie ukweli, mstari ukilala tena vile, sijui kama hii miguu itakumbuka kiapo.