Vidato Ishirini na Sita vya Enid Garbutt

Basi liliniteremsha kwenye lango la nyumba nyingine, nikatembea nusu saa kwenye mvua kabla ya kuiona Skelderby, jumba la kale la Uingereza: mbele mawe ya kijivu na madirisha marefu ya enzi za Malkia Elizabeti wa Kwanza, nyuma matofali mekundu ya wajukuu waliotamani kufanana na Warumi, na juu ya yote mabomba ya moshi kumi na tisa, matatu tu yenye kazi. Nilikuwa nimekodi chumba humo kwa majira ya baridi. Nikagonga mlango mkuu.

"Huo haufunguliwi, kipenzi!" sauti ya mwanamke ikatoka ndani. "Bawaba zake ni za kihistoria. Zunguka nyuma!"

Nikazunguka. Nilimkuta mwenye sauti katikati ya ngazi za watumishi, flaski ya chai mapajani, anashuka kidato kimoja kimoja kwa makalio.

"Unaumwa, mama?"

"Magoti tu. Ningoje, nimebakiza kumi na moja."

Huyo ndiye Enid Garbutt, mtunza nyumba, umri miaka sabini na minne. Alifika Skelderby akiwa na ishirini na tisa, kibarua wa wiki mbili wa kung'arisha vyombo vya fedha kabla ya harusi ya binti wa mwenye nyumba. Harusi ikavunjika, vyombo vikauzwa, ukoo ukahamia Ureno, nyumba ikaangukia mikononi mwa bodi ya wadhamini, na hakuna aliyekumbuka kumwambia Enid kwamba wiki mbili zimekwisha. Aliolewa humo, akafiwa na mumewe Wilf humo. Chumba chake kilikuwa juu kabisa, chini ya paa, na kati yake na jiko palikuwa na vidato ishirini na sita.

Alichotaka ni kitu kimoja: mti wa kushikia, uliopigiliwa ukutani, anapopanda na kushuka. Bila huo, wadhamini walishamwambia, itambidi ahame kabla ya Krismasi, wasije wakamwokota chini amevunjika. Lakini Skelderby imo katika orodha ya taifa ya majengo yanayolindwa, daraja la kwanza, na nyumba ya namna hiyo ukiipigilia msumari bila kibali umetenda jinai.

Vibali vyote vilipitia kwa Crispin Yelland, afisa wa majengo ya kale wa halmashauri, kijana mpole aliyevua viatu kila alipoingia. Ombi la kwanza alilikataa: mbao za ukutani ni za mwaka 1612. La pili alilikataa kwa masikitiko. La tatu alilijibu kwa barua ya kurasa sita, akimruhusu Bi Garbutt kushuka kwa kukalia, kwa sharti kwamba nguo iwe ya sufu au pamba na isiwe na kifungo cha chuma.

"Makalio yangu yana kibali," Enid aliniambia siku ile ya kwanza alipofika chini. "Ya kwako je?"

Mwezi Novemba Crispin alikuja kupima kwa mara ya mwisho. Ukuta wa upande wa pili ulikuwa plasta tupu, ungeweza kubeba mti ule vizuri, ila katikati yake pale penye kidirisha palikuwa na kifuniko cha mbao kisichoruhusiwa kuguswa, kazi ya fundi wa kienyeji wa karne ya kumi na saba. Hakuna kingine kama hicho katika wilaya nzima. Watu wa chuo kikuu walishakuja mara mbili kukipiga picha.

Enid akavuta pumzi. "Bwana Yelland, hicho ni kibao changu cha kukatia mkate."

Crispin akatabasamu.

"Nilikipigilia mwenyewe. Dhoruba ya mwaka tisini ilivunja kioo."

"Bi Garbutt, unajua unachokiri? Kosa hilo halifutiki hata ipite miaka mingapi. Unaweza kufungwa."

"Huko jela ngazi zina pa kushika?"

Crispin akafikiri. "Nadhani zinazo."

"Basi nifunge!"

Crispin akatoa lenzi yake. "Tazama mikato hii. Ni alama za kufukuza wachawi."

"Ni mkate, bwana."

"Na mviringo huu?"

"Kikombe cha Wilf. Nilimkataza miaka kumi asikiweke hapo."

"Mviringo ndiyo alama yenyewe hasa," alisema Crispin, na sauti ikamtetemeka kwa furaha.

Nikauliza kama upande wa nyuma hauna chapa ya duka. Wakanijibu wote wawili kwa pamoja: kutazama nyuma ni kukibandua, kukibandua ni kwa kibali, na kibali hakitoki mpaka ijulikane nyuma kuna nini.

"Nyumba hii ina miaka mia nne," Crispin akasema polepole. "Wewe nakuheshimu sana, lakini niliyekabidhiwa kumlinda ni yeye."

"Na aliyemfagia ni nani?"

Crispin akaenda kuvaa viatu vyake. Wiki iliyofuata barua ilifika: kukiri kwa Bi Garbutt kumekataliwa kwa kukosa ushahidi.

Teksi ya kumpeleka kwa mpwa wake, kwenye nyumba isiyo na ngazi hata moja, ilikuja Desemba, asubuhi yenye barafu. Alishuka kwa kibali chake. Crispin alimfuata nyuma akiwa na soksi tu, mkono mmoja sanduku, mkono mwingine tochi, akiinama kila kidato.

"Ajabu," alinong'ona. "Mbao zimepata mng'ao katikati. Lazima tuulinde. Kuanzia leo mtu yeyote asikalie hapa."

"Basi nimeondoka kwa wakati," akasema Enid.

Dereva alimpa mkono, naye Enid akaushika kwa vidole vyote kumi. Alipoketi alishusha kioo, akaniita.

"Wadhamini wanataka ulale chumba changu, nyumba isibaki tupu. Magoti unayo?"

"Bado ninayo, mama."

"Usiwaambie. Mimi nilikuja kwa wiki mbili."

Teksi ikaviringika juu ya kokoto, ikapita lango. Nikarudi kwa mlango wa nyuma.