Kamba Mbili na Kabati la Harusi

Asubuhi ya harusi ya dada yangu, mkokoteni wenye kabati lake jipya ulikwama topeni Kariobangi. Mashangazi zetu walivuta kamba moja kuelekea sokoni. Jamaa za bwana harusi, ambao walikuwa wamenuniana nao tangu siku ya mahari, walivuta nyingine kuelekea kanisani. Dada, katika shela yake, alikaribia kulia.

Vekta, zile hesabu za nguvu na mwelekeo wake, nilikuwa nimefundishwa shuleni juzi tu. Nikachora topeni mishale miwili iliyokutana kwa pembe mraba.

"Nguvu tatu huku, nne kule, mnapata tano," nikasema. "Mkivuta upande mmoja, saba."

"Hizo mbili zinaenda wapi?" shangazi akauliza.

"Zinaliwa na kununa, shangazi."

Walisogea bega kwa bega, wakavuta upande mmoja. Mkokoteni ukachomoka ghafla, wote wakaangukiana topeni, na dada akacheka mpaka shela ikamtoka kichwani.