Nilisema Zote

Asubuhi moja niliondoka kwa dada yangu pale Nyalenda, Kisumu, nikiwa na begi la mgongoni na bila mpango wowote. Nilimwambia naenda kutafuta kazi. Nilikuwa nikisema hivyo kila asubuhi, kwa hiyo hakuinua kichwa kutoka kwenye jiko. Mlangoni binti yake wa miaka sita alikuwa anafagia. Alisogea kando nipite, ufagio ameukumbatia kifuani, wala hakuuliza naenda wapi. Mwezi mmoja nyuma angeniuliza mara kumi, kisha angetaka abebe begi.

Nilipofika barabarani ndipo nilipojua kwamba jioni sirudi.

Gari la kwanza lililokuwa likiita abiria lilikuwa la Bondo, nikapanda. Ndivyo nilivyoishi tangu nilipoacha shule darasa la saba. Nimekata miwa, nimetengeneza redio, nimepakia mchanga, na kila mahali nilikaa hadi nilipoelewa kazi ile inavyofanywa, basi hamu ikaisha nikahama. Safari hii haikuwa hamu. Nilikuwa namkimbia mtoto.

Nilikuwa nimekaa kwa dada miezi minne. Yeye hukaanga samaki kwenye kibanda karibu na ziwa. Hutoka mapema na kurudi saa kumi na moja jioni, wakati maji yanapofunguliwa kwenye mfereji wa ploti yetu ya nyumba nane. Tulikubaliana kwamba yeye atanilisha, nami nitaangalia mtoto shule zikiwa zimefungwa na kufanya kazi za nyumba: vyombo, maji, kufagia, kufua.

Siku moja nilinunua mandazi yaliyofungwa kwenye ukurasa wa gazeti la akina mama. Mimi husoma chochote kinachofungiwa chakula. Ukurasa ule ulieleza namna ya kuwafanya watoto wadogo wapende kazi za nyumbani: usiwaamrishe, wape chombo kinachowatosha, wasifu, kazi iwe mchezo. Mafuta yalikuwa yamekula nusu ya chini, lakini niliona niliyosoma yanatosha.

Nikaanza siku hiyo hiyo. Nilimtafutia mtungi wa mafuta ya kupikia wa lita tatu, nikaufunga kamba mpya ya kushikia, nikamwambia ni wake peke yake wa kuchotea maji. Nikamwambia kila sufuria ina mtu aliyejificha chini ya masizi, na anayeisugua vizuri kwa majivu humwona. Alisugua hadi sufuria ikang'aa, akaitazama kwa karibu, akapiga kelele.

"Anko, nimempata! Ako na pengo kama mimi!"

Tulicheka sana. Siku hiyo tulikuwa wawili kweli. Mimi nilishika sufuria, yeye akashika majivu.

Halafu nikaanza kutoa mkono wangu kidogo kidogo. Kwanza nilikaa kando nikisema namfundisha. Baadaye nilikaa kando na redio mbovu ya jirani, nikiifungua kipande kwa kipande kwa sababu nilitaka kujua kwa nini inakoroma. Kufikia wiki ya tatu nilikuwa natoa sifa tu bila kuinua macho. "Safi. Bingwa. Sasa tuone nani atamaliza kuchagua mchele." Hapakuwa na mwingine wa kushindana naye. Alikuwa anakimbia mbio peke yake, na akishinda alikuja kuniambia ameshinda.

Majirani walistaajabu. Mama mmoja muuza mboga, ambaye sauti yake ilitosha foleni nzima ya mfereji, aliniuliza, "Wewe, huyu mtoto unampatia nini? Wangu nikimwita anaingia chini ya kitanda."

"Ni akili tu, Mama," nikamjibu. Nilimjibu hivyo bila haya.

Ikafika Jumamosi ya kufua. Nilimwaga nguo zangu zote kwenye karai, nikarudi kwenye redio, ambayo ilikuwa imekaribia kuongea. Mtoto akaja akasimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Anko, nifue gani?"

"Zote."

"Hata zile ndogo?"

"Nimesema zote, bingwa."

Kwetu hakuna anayefundishwa jambo hili, kila mtu hukua akilijua: mtu mzima hufua nguo zake za ndani mwenyewe, bafuni, na kuzianika chini ya taulo zisionekane. Kumpa mtu mwingine azifue ni aibu. Kumpa mtoto wa dada yako, hilo hata sijui liitwe nini. Nami nilikuwa nimesikia swali lake. Siwezi kusema sikusikia. Nilisikia, ila kichwa kilikuwa kwenye waya mbili za redio.

Nilishtushwa na vicheko. Saa kumi na moja ilikuwa imefika, foleni ya mfereji imejaa, na kwenye kamba iliyo mbele yake zilikuwa zimeanikwa suruali zangu sita za ndani, kila moja na vibanio viwili, iliyotoboka ikiwa katikati. Mtoto alikuwa bado amesimama juu ya kigoda chini ya kamba, vidole vimekunjamana kwa maji, uso umejaa furaha.

"Ayaye! Bendera ziko juu!" alisema muuza mboga. "Rais anapita hapa leo?"

"Hiyo ya katikati imetoka vitani," mwingine akasema.

"Si uliniambia ni akili, Bwana? Ndiyo hiyo akili?"

Hapo hapo dada akaingia getini na beseni lake kichwani. Aliangalia kamba, kisha akaangalia mikono ya mwanawe. Akauliza polepole, "Nani amemwambia afue hizo?"

"Ni Anko," mtoto akasema. "Amesema zote. Nimefua hata zile ndogo, Mama, na sijachoka."

Nami nikasema, "Mwongo huyo. Sikumwambia. Nilimkataza."

Hilo la kumkataza hata halikuhitajika. Liliongezeka lenyewe mdomoni.

Mtoto aliniangalia akisubiri nicheke, maana nilizoea kumtania. Sikucheka. Nilimwona akielewa, polepole, huku bado yuko juu ya kigoda. Dada hakumpiga. Alimwambia mbele ya foleni nzima kwamba mtoto anayesingizia wakubwa hastahili kukabidhiwa nguo za watu, aingie ndani. Muuza mboga akatikisa kichwa. "Watoto wa siku hizi," akasema, na kicheko kikanitoka mimi, kikamwendea mtoto.

Kuanzia siku ile watoto wa ploti walimwita Bendera. Aliacha kwenda mfereji foleni ikiwapo. Mtungi wake wa lita tatu ulikaa nyuma ya mlango, mtupu. Kazi alifanya, lakini bila neno. Na nikimwomba kitu, hata kijiko, alimgeukia mama yake kwanza. "Mama, ni kweli anataka kijiko?" Alihitaji niwe na shahidi. Nilivumilia hayo siku kumi na mbili. Kila jioni nilijiambia kesho nitasema ukweli, na kila kesho foleni ya mfereji ilionekana ndefu kuliko ya jana.

Bondo nilikunywa chai nikamuuliza mama aliyekuwa akipika chapati barabara ile inaishia wapi.

"Ukifuata hadi iishe ni Luanda Kotieno. Hapo mbele ni maji."

"Na baada ya maji?"

"Si ni Mbita, unavuka na feri. Kwani unatafuta nani?"

"Sitafuti mtu."

"Basi utampata," akasema, akageuza chapati.

Kwenye feri alikuwepo mama aliyetandika leso sakafuni na kumwaga lundo la omena, dagaa wa ziwani, anachagua vijiwe na magamba ya konokono. Mtoto wake, wa miaka mitano hivi, alikuwa anachagua naye. Niliwaangalia kutoka ng'ambo moja hadi nyingine. Yule mama hakumsifu hata mara moja, wala hakumwita bingwa. Mikono minne ilikuwa kwenye lundo moja, basi. Nikakumbuka ile nusu ya ukurasa iliyoliwa na mafuta, nikageuka kutazama maji.

Mbita nilipata chumba nyuma ya duka. Mwenye nyumba, mama wa makamo, alinionyesha kitanda cha chuma, msumari wa kutundika nguo, na ndoo.

"Maji ni pale chini, ziwani. Utajichotea," akasema. "Hapa hakuna mtoto wa kutumwa, wangu wako bweni."

"Sitatuma mtu, Mama."

"Wote mnasema hivyo," akasema, akanipa ufunguo.

Saa kumi na moja ilikuwa imepita kidogo. Nikakaa kitandani nikampigia dada.

"Uko wapi?"

"Mbita."

"Mbita ya Mbita? Omera, ndugu yangu, wewe ni mgonjwa?"

"Uko mfereji?"

"Niko kwa foleni. Kwani?"

"Weka simu sauti kubwa, nyamera, dada yangu. Tafadhali."

Akaweka. Nilisikia mitungi ikigongana. Nikasema kwa nguvu kwamba mtoto aliniuliza kama afue hata zile ndogo, nami nikamwambia zote; kwamba sikumkataza; kwamba mwongo nilikuwa mimi.

Nilisikia maji tu. Kisha muuza mboga akasema, "Si ungesema ukiwa hapa tukuone uso!"

Wakacheka, naye alikuwa na haki. Nilikuwa nimengoja hadi ziwa liwe katikati yetu.

Halafu nikasikia sauti ndogo, si ya kuniambia mimi. "Mama, umesikia? Si nilikuambia?"

"Nimesikia," dada akasema. Sauti yake haikuwa ya kawaida.

Nikamwita mtoto kwa simu. Nikaita tena.

"Ameingia ndani," dada akasema. Kisha akasema, "Anatoka. Ameshika mtungi wake."

Sikukata. Nilisikia watu wakimwambia apite mbele, kisha maji yakiingia kwenye chombo kidogo, yakipanda haraka kama yanavyopanda kwenye lita tatu. Kabla hayajafika mdomoni mwa mtungi, salio langu likaisha.